Diski ya Nne na Mpaka wa Shamba

Jumatano diski moja ilikufa, na Jumamosi wazee wa ukoo wangekaa kikao kwetu Kasikeu kugawa shamba la marehemu baba. Kati ya siku hizo sikukaa kitini dakika kumi mfululizo.

Kazi yangu ni video za harusi na mazishi, hapa Kitui mjini. Zote naziweka kwenye kompyuta kuukuu kando ya jikoni, yenye diski nne zinazofanya kazi kama moja. Kila faili imekatwa vipande na kugawanywa kwa zote pamoja na vipande vya akiba, hivyo moja ikifa, zilizobaki zinaweza kuijenga upya. Humo ndimo alimo baba, mwaka mmoja kabla ya kufa, akizunguka shamba na fimbo yake na kumwonyesha kila mtoto sehemu yake. Yangu ni ya chini, karibu na mto wa mchanga. Mimi ni binti, sikuolewa, na kaka yangu mkubwa ndiye angeulizwa kwanza. Bila ile video niliona nimekwisha.

Alhamisi asubuhi nilinunua diski mpya, nikaichomeka, mashine ikaanza kujenga. Kufikia saa sita mchana ilikuwa asilimia nne. Nikatoka nje, nikarudi, bado nne. Nikampigia fundi wangu aliye Migwani. Aliniuliza kila diski imeunganishwa wapi, nami nikalala sakafuni na tochi ya simu kuangalia. Tatu zilikuwa na waya zao za ndani, za kasi. Ya nne, niliyoiongeza baadaye, ilikuwa nje kwenye kiboksi chake, imechomekwa kwenye tundu jeusi la USB ya zamani. Tundu la bluu, lile la kasi, nilikuwa nimeipa printa ya kuchapisha vijitabu vya mazishi. Printa yenyewe haina haraka, na wanaochapishwa humo ndio hawana kabisa.

Fundi alinieleza bila huruma kwamba ili kuijenga ile mpya, zilizobaki zote lazima zisomwe pamoja, kwa hivyo za kasi zinakaa tu kuingoja ile moja. Nisichomoe chochote sasa. Nisifungue faili yoyote pia, maana ningeichelewesha zaidi, na diski nyingine ikifa nimepoteza kila kitu.

Nilifungua. Baba aliinua fimbo, picha ikakwama, fimbo ikabaki hewani. Nikaifunga haraka, nikajitukana kwa Kikamba.

Kaka alipiga simu mara mbili siku hiyo. Sikushika. Nilijua anachotaka ni kunipima kama nina ushahidi.

Jumamosi alfajiri ilikuwa asilimia hamsini na tisa. Niliiacha ikivuma, nikaenda Kasikeu mikono mitupu, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno makali ya kumwambia.

Wazee walimtaka mzaliwa wa kwanza aanze. Alisimama, akavua kofia.

"Huyu dada yetu, baba alimpatia hapo chini kwa mto," alisema. "Mimi ndio nilikuwa nakata njia na panga. Mpaka inaanzia kwa ile jiwe nyeupe."

Wazee wakaitikia, kisha wakaingia mambo ya ng'ombe. Sehemu yangu haikuchukua hata dakika tano.

Baadaye nilimkuta nyuma ya jikoni akinawa. Nilimshukuru, maneno yangu makali yakiwa bado yamenikaa kooni, nikamuuliza Alhamisi alikuwa anataka nini.

"Nilitaka ukuje mapema tufyeke hapo kwako, wazee wakienda kuona mpaka wapate kumesafishwa," alisema. "Hukushika simu, nikafyeka peke yangu."

Viganja vyake vilikuwa na malengelenge mabichi. Niliona aibu, nikashika birika nikammwagia maji.