Mashine Iliyokataa Lumbesa

Mimi Sikuzani sikusoma. Haya nayasema mimi, binti yangu anayaandika.

Miaka kumi na minne nilishona magunia Kilosa, kwenye ghala lililo karibu na reli. Lilikuwa la ushirika. Ushirika ulipokufa akaja tajiri na kampuni yake, na sisi washonaji tukabaki humo kama popo wa darini.

Kazi yangu ilikuwa lumbesa. Gunia halali ni kilo mia moja. La kwetu lilishindiliwa hadi mdomo ukagoma kufunga, ndipo mimi nikalivika kilemba cha kamba juu yake, likafika mia moja na arobaini. Mkulima alihesabiwa gunia moja tu. Kampuni ilinunua kwa gunia, ikauza kwa kilo kwa wenye malori ya Mikumi. Najua sindano iliyowadhulumu wenzangu niliishika mimi. Msinikumbushe.

Mwaka 2002 ikaja kompyuta. Msimu huo nami nilikuwa nimevuna mahindi kijijini kwetu Ulaya, wilaya hii hii ya Kilosa, nikaleta magunia tisa. Bila kilemba hawapokei, kwa hiyo niliyashona mwenyewe. Karani Oswald akaingiza: magunia tisa, kilo elfu moja mia mbili na sitini. Kwenye kioo kikatokea kisanduku chekundu chenye maandishi.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inasema uzito wa gunia umezidi kiwango."

"Basi ina akili kuliko nyie."

Foleni nzima ikacheka. Oswald akaizima, akaiwasha. Kisanduku kilekile. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Kilekile. Ndipo akaanza kubahatisha idadi ya magunia. Kumi, ikakataa. Kumi na moja, ikakataa. Kumi na mbili, ikanyamaza, na printa ikaanza kulia.

"Mama, inataka kumi na mbili," akasema kwa sauti ya chini.

"Hiyo ndiyo haki yangu. Iache itoe."

Magunia matatu ni robo ya mwaka wangu wa jembe. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nipokee karatasi, meneja Onesphory akaiwahi, akaichana.

"Futa hiyo, Oswald. Na wewe Bi Sikuzani, tangu lini mshona magunia akawa fundi wa kompyuta?"

"Tangu kompyuta ijue kupima kuliko meneja."

Siku mbili hakuna aliyepokelewa mzigo. Ya tatu akafika fundi kutoka Dar, kijana anaitwa Goodluck, vumbi la Dumila limemjaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo mashine haijakosea."

Akafungua mipangilio yake, akaitazama kwa muda.

"Ni kweli, mama. Aliyeipanga aliandika mwisho kilo mia na tano."

"Basi iache."

"Nimeitwa kuondoa ujumbe, mama. Sikuitwa kupima mahindi."

Akafuta mia na tano, akaandika mia na hamsini. Chai aliyoletewa ilikuwa bado inafuka moshi alipomaliza.

Nikatoka nje. Nikavikata kwa wembe vilemba vyote tisa, nikaazima magunia matupu matatu, nikayagawa mahindi yangu hadi yakawa magunia kumi na mawili ya halali, midomo imefungwa sawasawa. Onesphory akapita, akaligusa moja kwa ncha ya kiatu.

"Malegevu hatupokei."

Lori lililonileta lilisharudi Ulaya. Mnunuzi mwingine hakuwapo. Mbuzi wa stesheni walikuwa wameanza kuyanusa mahindi yangu, na wale waliocheka nami kwenye foleni walikuwa wakisukuma lumbesa zao mbele, macho chini.

Nikachukua sindano. Nikashindilia, nikashona vilemba tisa upya, kamba ya kampuni, mkono wangu. Oswald akaingiza namba zilezile za siku ya kwanza, hakunitazama. Kisanduku chekundu hakikutokea.

Karatasi ikatoka: magunia tisa. Nikaweka dole gumba.