Droni yangu ilivyovalishwa sare ya harusi Kibondo, gimbal ikagoma

Mwidiwe wakuu! Ndiyo salamu yetu huku kwa Waha. Nayaweka kama yalivyonikuta, chumvi mtaongeza wenyewe.

Mimi ni mpiga video za harusi, Kasulu. Majuzi nikapata kazi yangu ya kwanza Kibondo. Bibi harusi alitaka kitu kimoja tu: droni imchukue akishuka kwenye gari. Nikikosa hiyo, Kibondo nisahau.

Nikaiacha droni mezani, nikaenda kula. Pilau ya kamati haina subira, mnajua.

Narudi, nawasha. Kamera inatetemeka, imelala upande, skrini imeandika kwa rangi nyekundu: Gimbal motor overloaded, yaani mota ya gimbal, ile inayoishika kamera isiyumbe, imeelemewa.

Kuangalia vizuri, kamera ina ua la zambarau!

Shangazi wa bibi harusi, bosi wa mapambo, akaja kifua mbele.

"Mwanangu, kamati tulikubaliana. Kisicho na sare hakiingii hapa. Hata jenereta nimelivalisha."

Nikachungulia jenereta. Kweli bwana, limependeza!

Nikaling'oa ua. Nikazima, nikawasha, error ileile. Nikapuliza vumbi. Nikahamia meza ya keki, ndiyo pekee iliyokaa level, nika-calibrate, yaani kuiseti kamera upya. Ikagoma.

Honi za msafara hizo zinakuja.

Nikazima kabisa, nikaizungusha kamera kwa kidole, polepole. Ikakwama sehemu moja. Kumbe shangazi hakulifunga ua, alilishona! Kipande cha uzi kilibaki kimejiviringisha kwenye motor. Nikaazima kibanio cha nyusi kwa dada mmoja wa kamati, nikakivuta chote.

Kuwasha, kamera ikajinyoosha yenyewe. Nikashangilia peke yangu kama chizi.

Shangazi mikono kiunoni: "Na sare je?"

"Nitaivaa mimi, shangazi."

Akanibana ua kichwani kwa pini, hana hata tabasamu. Nikarusha. Bibi harusi akashuka, akatazama juu, akacheka kwa raha zote. Shoti safi kabisa.

Funzo: hiyo error ikija, zima, zungusha kwa kidole, tafuta kinachokwamisha kabla hujamkimbilia fundi. Na ukienda kula, nenda na droni yako.

Tatizo ni moja. Droni ilipaa kutokea miguuni kwangu, kwa hiyo video inaanza na mimi na ua langu. Imezunguka magrupu yote ya Kibondo. Kazi tatu mpya nimepata, na wote wanauliza: "Wewe ndiye yule wa ua? Basi uje nalo."

Haya, nanyi droni zenu zimefanyiwa nini? Shusheni hapa, nisichekwe peke yangu.