Kijikaratasi cha Kibao cha Kuchorea

Biashara ilipofunguliwa, na maduka ya Tanga yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, tajiri yangu wa Ngamiani alileta kompyuta na kibao cha kuchorea: unachora juu ya kibao kwa kalamu isiyo na wino, picha inatokea kwenye kioo. Washindani wetu walikuwa nacho pia, tena na kijikaratasi cha Kiswahili cha kueleza programu yake. Tajiri akanitupia kile kijikaratasi.

"Kibadilishe maneno, wasitujue."

Mimi nilikuwa hodari wa maneno, si wa kompyuta. Programu yenyewe sikuwahi hata kuifungua. Nikakaa na kamusi: "picha" nikaandika "taswira", "mashine" ikawa "mtambo", "haraka" ikawa "hima". Penye "anza" nikaweka "piga bismillahi uanze", hilo la kwangu mwenyewe. Nilijiona mwanachuoni, wallahi! Tajiri alisoma mistari miwili, akasema kimenoga.

Aliyekuja kukitumia ni shangazi yangu wa Tongoni, mchora hina wa maharusi. Mfanyabiashara mmoja wa kanga alikuwa amemwambia, niletee mchoro wako wa kompyuta Jumatatu asubuhi kabla sijasafiri, ukinipendeza nitauchapisha. Kanga yake ivaliwe na watu! Siku tatu alikaa dukani kwetu, mashine ikiachwa inawaka hata usiku, miwani puani, kijikaratasi pajani, akipanga nakshi za korosho kwenye pindo la kanga. Jumapili alasiri akamaliza, akafuata mstari wangu wa mwisho: "Zima mtambo, halafu iweke akiba taswira yako."

Akazima. Alipowasha tena, kioo kilikuwa cheupe.

Washindani walikosea mpangilio, nami nikalichukua kosa lao nikalivisha joho. Nilichoweza kusema ni "Shikamoo, shangazi," na tulikwisha kuamkiana tangu asubuhi.

"Marahaba, bingwa," akajibu. "Loo! Hina huachwa ikauke, ndipo ioshwe. Wewe unaosha kwanza, unangoja rangi?"

Akacheka kidogo, nami nikacheka naye kwa aibu. Kisha akaanza kuvaa buibui lake aondoke. Jumatatu ilikuwa kesho, na mchoro wa siku tatu hauchorwi usiku mmoja.

"Lakini shangazi, ule mstari hukuushangaa?"

"Niliushangaa sana," akasema. "Nikaurudia mara mbili. Nikasema, huyu ni mwanangu, amesoma, hawezi kuniandikia jambo asilolijua."