Bizimu la Pasang

Jerusha hakuwa mtu wa kujitia katika mambo ya watu, ila kwa Pasang alishindwa kujizuia. Yeye alitoka Nyahururu, Pasang milima ya Nepali. Walilala chumba kimoja nyuma ya jumba la madam waliyemfanyia kazi za nyumbani mtaa wa Al-Hamra, Jeddah, wakielewana kwa Kiarabu cha kuokoteza.

Pasang alikuwa na bizimu la fedha. Kwao, mwanamke aliyeolewa hufungia nalo aproni kiunoni, na hili alipewa na mama yake siku ya harusi. Sasa binti yake mwenyewe alikuwa anaolewa, naye alingoja ruhusa ya madam aende kumpelekea. Katikati palichorwa fundo lisilo na mwanzo wala mwisho. Watu wa Buddha, alisema Pasang, huliita huruma isiyokatika. Jerusha wa watu aliona pambo zuri, basi.

Dadake madam akaja kutoka Riyadh na watoto wasioacha kabati bila kufungua.

"Hao watabeba hiyo kitu, dada," Jerusha akaonya. "Leta nikushonee ndani ya mto."

Ndivyo nyanyake alivyoficha vya thamani, na hakuna mwizi aliyewahi kuvipata. Akashona kwa ufundi, maskini, akajisifu.

Mtoto mmoja akashikwa na homa. Mama yake, yule mgeni, akishuku amerogwa, akaingia chumbani mwa kina Jerusha, akapapasa mito, akapasua. Likatoka fundo la fedha. Katika nyumba ile, kitu kilichoshonewa ndani ya mto ni kazi ya mchawi, na fundo ndilo silaha yake.

"Sihiri," mgeni akasema.

Jerusha akajitokeza. "Madam, nimeshona mimi. Ni ya kufungia nguo tu."

Madam hakuwa mkali, na hilo liliumiza zaidi. "Kama ni ya nguo, mliificha nini?"

Angejibuje? Kwamba waliwaogopa wana wa dadake kuwa wezi? Jerusha akainamisha kichwa, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa kukiri.

Dereva akaamriwa alipondeponde bizimu kwa nyundo uani. Pasang, mwenye bizimu, akaambiwa afungashe, anarudishwa kwao.

"Nisamehe, dada," Jerusha akasema akimkunjia nguo.

"Ulitaka kunisaidia." Pasang hakumtazama. "Nikifika, binti yangu atanipokea, atanishika mikono hivi." Akaikunjua mikono yote miwili, mitupu, akaitazama.