Muhogo wa Mlangoni kwa Mzee Alimasi

Ernestine aliketi kwenye benchi la tribinali, mahakama ya Kasongo, mikono juu ya mapaja. Vidole vyake vilikuwa na ule wekundu wa mawese ambao sabuni haiuwezi. Tangu usichana wake alikamua mafuta kule Wamaza na kuyaleta kwa pikipiki katika duka moja tu. Leo duka hilo lilitaka kumharibia jina.

Aliyeshtakiwa si yeye, ni Kamaldine, mwenye duka, kwa kuuza mawese yaliyochanganywa na maji na boga la kuchemsha. Wanawake wa mjini walilalamika kwamba yaliwarukia usoni yakiwa motoni, kisha yakachacha upesi. Lakini Kamaldine alijitetea kwamba yalitoka Wamaza yakiwa hivyo hivyo. Jaji akimwamini, hakuna mtu wa Kasongo wala Kabambare atakayepokea tena bidoni, dumu la mafuta, kutoka kwa Ernestine, naye hana kazi nyingine anayoijua.

Alimtazama Kamaldine pale mbele, akaona pua ya baba yake, Mzee Alimasi, na moyo ukamrudisha nyuma.

Marehemu hakupokea mafuta kabla ya kuyaonja. Ernestine alipofika, vumbi la njia limemjaa hadi kwenye kope, mzee alitoa muhogo wa kuchoma, akaketi naye mlangoni, akamimina mawese katika sahani ya bati. Walichovya pamoja, wapita njia wakiwaona. Hata mwezi wa kufunga alimngojesha mpaka magharibi, ili wale kwanza.

"Nikianguka hapa, museme ni huyu mama wa Wamaza!" mzee aliwapigia watu kelele.

"Ukianguka, muzee, na mimi niko chini karibu yako. Si nimekula?"

Njia nzima ilicheka. Mzee alipofariki, Kamaldine akawa anapokea bidoni huku simu iko sikioni, na sahani ile haikuonekana tena.

"Wewe unapokea mafuta namna gani?" jaji alimuuliza Kamaldine.

Kamaldine aligeuka, akawaona wazee waliokuwa wakiswali na baba yake wamejaa kwenye mabenchi. Haya ikamshika, akajikaza.

"Sawa na baba. Tulikula muhogo na huyu mama pale mlangoni. Watu wote wanajua."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika.

"Na mafuta ilikuwa namna gani mu kinywa?"

Kamaldine alijibu: "Ilikuwa... muzuri."

"Basi boga liliingia na mulango gani?" mama mmoja alidakia kutoka nyuma. Watu wakaangua kicheko, jaji akagonga meza.

"Mama Ernestine, ni kweli mulikula?"

Ndiyo moja tu, naye angekuwa amepona: mafuta yalionjwa, yalikuwa mazuri. Ernestine alifungua mdomo, neno hilo likakataa kutoka. Aliiona sahani ya bati, na mkono wa mzee ukimpa kipande kikubwa.

"Hapana, baba jaji. Nilingoja muhogo, haukuya. Tangu muzee alikufa, haujakuya hata siku moja."

Ernestine alijua amejivua ngao yake mwenyewe. Sasa hakuna wa kusema mafuta yake yalikuwa safi.

Mzee mmoja alisimama bila kuruhusiwa. "Kamaldine! Unaweka uongo mu sahani ya baba yako?"

Kichwa cha Kamaldine kilianguka kifuani. Sauti ikatoka ndogo:

"Nilichanganya mimi. Mafuta ya mama ilikuwa safi."

Alipigwa faini, duka likafungwa kwa muda. Pale nje, mama aliyedakia alimshika Ernestine mkono, akitaka kujua bidoni ijayo itafika lini, asije mwingine akamtangulia.

Ernestine alikuwa akipanda pikipiki ya kurudi Wamaza aliposikia nyayo nyuma yake. Kamaldine alisimama mbali kidogo, macho chini.

"Mama, ule muhogo, baba alikuwa anauchoma na maganda ao bila maganda?"

Harufu ya majivu na mawese mabichi ilimjia Ernestine puani kama zamani.

"Na maganda," alisema. "Halafu anauvunja na mikono. Kisu, hapana."