Damu Isiyoshikana

Mke wangu wa kwanza alikuwa mwepesi wa kuvilia damu. Ukimshika mkono kwa nguvu kidogo, kesho yake pana alama nyeusi. Akijigonga kwenye kitanda, paja zima hubadilika rangi. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Langoni walikuwa na masimulizi yao, na wengine wameshakufa nayo.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Mimi nalikuwa fundi wa chokaa. Chokaa yetu ilikuwa ya matumbawe, tukiyachoma kwa kuni za mikoko, kisha ilale majini wiki nyingi ndipo ifae. Siku hizi wanavusha simiti kutoka Mokowe, ng'ambo bara, na ukuta unatoa chumvi baada ya mvua mbili. Lakini hayo ni mengine.

Mke alikuwa binti wa kisiwa cha Pate, babake na mamake watoto wa ndugu wawili, kama wengi wetu. Ndoa yetu ilikuwa na miezi saba. Siku zake za mwezi zilikuwa ndefu, kumi, hata kumi na mbili, nami kwa ujinga wa ujana nilikuwa nikinuna. Nimezeeka, sina tena wa kumwonea haya.

Watu walianza kwa mzaha. Muuza kahawa aliniuliza mbele ya wanaume, "Fundi, kazini wapiga chokaa. Na nyumbani wapiga nini?" Wakacheka. Nami nikacheka, lakini kahawa sikuimaliza.

Kisha akaja shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Dada yake alipompa kikombe, kanga ikateleza, akauona mkono.

"Nani kakufanya hivi?"

"Hakuna. Ni mlango."

"Mlango una vidole?" Akanigeukia. "Bwana, dada yangu si punda. Ukimchoka, mrudishe kwao salama."

Niliapa kwa Mungu. Hakuniamini. Ningekuwa yeye, na mimi nisingeamini.

Basi nikaona dawa ni kupigwa chuku, kuumikwa damu kwa pembe. Sisi tulijua damu ikivilia ni damu iliyoganda chini ya ngozi, na mwenye vilio vingi, yaani alama zile nyeusi, damu yake ni nzito, sharti apunguzwe. Na akipona vilio, nami nimepona maneno ya watu.

Mke hakutaka. "Mimi damu yangu ikitoka hainisikii," akasema. "Utotoni nikitoka muhina, puani yachuruzika tangu asubuhi mpaka alasiri."

"Huoni? Ndio ushahidi kwamba unayo nyingi."

Akajitanda kanga yake. "Haya. Kama ndivyo utakavyopata kupumua, twende."

Bibi mpiga chuku alikuwa na pembe zake za ng'ombe. Alimchanja mgongoni kwa wembe, vichanjo vidogo vidogo, akaweka pembe, akavuta kwa mdomo, akaziba kwa nta. Pembe sita. Kwa watu wengine, akimaliza kuziosha pembe damu imeshakauka. Kwa mke wangu haikukauka. Akaweka unga wa kahawa. Akaweka majivu, na utando wa buibui. Mwanzoni alikuwa akitania, "Mkeo ana kisima, fundi." Baadaye mzaha ukaisha, akawa anasema tu, "Lete kitambaa chengine, mwanangu."

Adhuhuri tulimbeba hospitali. Daktari, mtu wa bara, alimfunga, akakandamiza, akasema anataka damu ya mtu mwengine na itabidi itoke Mombasa. Akapeleka habari. Siku ya tatu, kabla damu haijafika, mke wangu aliniambia mgongo umelowa tena. Akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Wanawake waliomwosha maiti walitoka wakanipita bila salamu. Walikuwa wameuona mwili wote.

Mavyaa wangu, mamake marehemu, alinivuta pembeni siku ya hitima. "Alikuwa hivyo tangu kuzaliwa," akaninong'oneza. "Nilificha ili apate kuolewa." Nikamwomba amwambie mwanawe wa kiume. Hakumwambia. Amezikwa na siri yake.

Miaka mingi ikapita. Binti wa shemeji yangu aling'olewa jino, damu ikagoma kusimama, akapelekwa Mombasa. Nami nikaomba kufuatana nao. Daktari wa kike, kijana, alitueleza kwamba damuni mna chembe kama visahani vidogo. Mwili ukitoboka hukimbilia pale, zikashikana, zikaziba. Kinachozishikanisha ni protini iliyo juu yazo. Binti yetu chembe alikuwa nazo tele, ila protini ile ndiyo hana, amezaliwa bila hiyo.

"Mawe yapo, chokaa hapana," nikasema.

"Hasa, mzee."

Nikamuuliza vilio je. Akasema ni damu ivujayo ndani kwa sababu haigandi. Basi sisi tuliona damu isiyoganda, tukasema yaganda mno. Binti alitiwa chembe za mtu mwengine, damu ikasimama.

Tulipotoka kukaa kwenye benchi, shemeji alivua viatu, akawa analia. "Miaka yote hii nilikudhania. Nisamehe."

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Lakini ujue, dada yako alisema hataki chuku. Nilimpeleka ili wewe uniamini. Ningaliacha mniite mpiga mke, pengine angaliishi."

Shemeji aliinuka akaenda kumtafutia bintiye chai, nami nikabaki pale na viatu vyake, maana alivisahau.