Imani Anayo, Kikinga Hana

Saa kumi na mbili asubuhi, mwanamke mmoja anavuta benchi hadi mbele ya mashine ya kupigia pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Anakaa, anaweka mikono mapajani. Mashine imezimwa. Nyuma yake matoroli manne yamejaa mashuka mabichi.

"Nangoja," anasema. "Si ndivyo nilivyoambiwa? Haya, nangoja."

Wenzake wanamwita Mama Mashuka. Kwa miaka kumi na tisa ameilisha mashine hii mashuka mia nne kwa siku, yakipita kati ya rola mbili za moto. Zamani palikuwa na kikinga, chuma cha kuzuia vidole visifuatane na shuka. Kilivunjika, kikatupwa, basi.

Miezi kumi na minne iliyopita rola zilivuta mkono wa wifi yake, aliyekuwa akifanya naye kazi bega kwa bega. Vidole vinne vikaenda.

"Ndiye aliyekuwa akinisuka," anasema, akigusa kitambaa kichwani. "Leo mimi ndiye namfunga vifungo vya gauni. Halafu mtu aniambie nisikasirike!"

Amekasirika kweli, na nani atamlaumu? Aliandika barua ya kuomba kikinga. Akaandika ya pili, na ya tatu. Kila mara msimamizi, ambaye pia ni mzee wa kanisa anamosali Mama Mashuka, alimpiga kalenda kwa sauti ya upole.

"Ananiambia, 'Mama, tumngoje Bwana. Subira huvuta heri.' Nikamuuliza, 'Mzee, paa la ofisi yako lilipovuja, ulisubiri?' Fundi alikuja siku ileile!"

Aisifuye mvua imemnyea. Huyu anaisifu subira akiwa mkavu, vidole vyake kumi vimetulia mfukoni.

Jumatatu Mama Mashuka aliizima mashine. Wagonjwa hawajakosa shuka. Yeye na wenzake wawili wanayaanika kwenye kamba na kuyakunja kwa mikono, mpaka mgongo unawaka. Lakini kabla ya kuanika, kila asubuhi anakaa kwenye benchi hili.

Msimamizi anaingia, funguo zikilia mkononi.

"Shikamoo, mzee. Kimekuja?"

"Marahaba. Bado, mama. Tuwe na imani."

"Imani ninayo. Sina kikinga."

Mwenzake mmoja anaangua kicheko, anajificha nyuma ya toroli. Msimamizi hacheki. Anamkabidhi Mama Mashuka barua na kuondoka: asipoiwasha mashine kufikia Ijumaa, kazi hana. Ni mjane, ana watoto watatu shuleni, na wifi naye anakula kwake.

Anaisoma mara mbili.

"Naogopa," ananiambia mimi mwandishi. "Usiandike kwamba siogopi. Ila andika na hili: Bwana namngoja tangu utotoni, sijachoka. Na hajawahi kunituma niweke mkono kwenye moto huku namngoja. Huyo anayenituma ni mtu, na ninamjua jina."

Na Ijumaa je?

Anasimama, anakamata ncha moja ya shuka bichi na kumrushia mwenzake ya pili.

"Ijumaa nitakuja saa kumi na mbili, nitakaa hapa, nitamuuliza kama kimekuja. Wakikileta, nitawasha mwenyewe, na wifi yangu atakuwepo aone. Wakinifukuza, nitaondoka na vidole vyangu vyote kumi. Nina mtu wa kumfunga vifungo."